Uji wa Mzazi na Siti Ngumu

Kama unasoma haya umesimama, simu mkononi, na nyuma yako kuna kiti kitupu usichothubutu kukikalia, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Mimi nilikula chakula cha mchana nimesimama kwa karibu miezi mitano. Visingizio vyote navijua. "Nanyoosha miguu." "Nimekaa sana tangu asubuhi." "Nyie kaeni tu, mimi nakuja." Hakuna hata kimoja kinachodumu zaidi ya wiki moja mbele ya watu wanaokupenda.

Ugonjwa wenyewe unaanzaje, waulize wenye taaluma yao. Mimi nitasema nilivyoishi nao, na nilivyorudi kwenye baiskeli, kwa sababu nilipokuwa naumwa hilo la pili ndilo nililolitafuta kila mahali na sikulipata.

Nilimaliza chuo nikakaa nyumbani Mhunze, kwa mama, mwaka mzima nikituma maombi ya kazi. Kazi iliyokuja ilikuwa ya mkataba wa msimu: kuwatembelea wakulima wa pamba na dengu katika vijiji kumi na kimoja, kuwaelekeza na kuandika wanachopanda. Nikapewa daftari, koti la mvua na baiskeli nyeusi ya chuma. Niliipenda baiskeli ile kupita kiasi. Nchi yetu ni tambarare; ukiamka mapema, upepo ukiwa bado haujaanza, unaweza kupita vijiji vitatu kabla jua halijakomaa. Tatizo lilikuwa siti. Plastiki yake ilikuwa imepasuka katikati, na aliyenitangulia alikuwa ameifunga kwa mfuko wa nailoni.

Mimi ni mtu wa kufikiri sana. Sijisifu, ni udhaifu. Nikinunua dawa ya meno nasoma maandishi ya maboksi yote kwanza. Kwa hiyo uvimbe ulipojitokeza, watu wakiwa mashambani wanachuma pamba, mdogo kama punje ya dengu, nilikaa siku nne nikiufikiria kabla ya kuugusa. Nikaamua ni siti. Nikaenda gulioni nikanunua kava la sponji, nene, laini kama mkate wa asubuhi, nikalivalisha siti. Wiki iliyofuata punje ya dengu ilikuwa imekuwa yai la njiwa.

Niseme mapema ili usije ukailaumu baiskeli yako bure: daktari alinihakikishia baadaye kwamba siti haikunipa ugonjwa. Ila kava lile lilinitesa, na sababu yake nitaieleza.

Zahanati ya karibu nasi, mhudumu wake anaimba kwaya na mama. Amenijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Minza. Unaumwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na sentensi tatu safi kabisa kichwani. "Mgongo," nikasema.

"Mgongo wapi?"

"Kwa chini."

"Chini wapi?"

"Chini... mwishoni mwa mgongo."

Akaandika *kiuno*. Wewe ungeweza kumtajia mama wa kwaya sehemu ile? Tumelelewa kwamba mbele ya mtu wa umri wa mama yako mwili unaishia kiunoni na kuanza tena magotini. Nikapewa dawa ya kuchua, na kwa wiki tatu nikakichua kiuno changu, ambacho hakikuwa na kosa lolote, asubuhi na jioni. Heshima yangu ilinigharimu wiki tatu. Ukikumbuka neno moja tu katika haya yote, likumbuke hili: taja mahali. Kama mdomo unakataa, andika kwenye karatasi umpe.

Homa ndiyo iliyonipeleka Shinyanga mjini. Kwenye basi niliketi kwa paja moja, nikibadilisha kila tukipita kijiji. Pale hospitali kulikuwa na mabenchi ya chuma yenye matundu, yamejaa watu, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta chini ya tangazo la kunawa mikono. Nililisoma tangazo lile mpaka nikagundua kwamba mtu aliyechorwa alikuwa na vidole sita. Daktari alikuwa kijana, pengine tumepishana miaka mitatu. Nikafumba macho nikataja mahali. Yeye akasema tu, "Sawa, tuone," kama vile nimemtajia kiwiko. Sikuwahi kumshukuru kwa sauti ile. Namshukuru hapa.

Wakapasua jipu. Nesi aliyekuwa akinisafisha alibana pazia kwa vibanio vya nguo ili upepo usilifunue, kisha akaniuliza habari za bei ya dengu kwa makini kabisa, kana kwamba tumekutana dukani. Nilijibu huku nauma khanga. Siku zote aliponisafisha aliuliza swali la kilimo. Mpaka leo sijui kama anamiliki hata bustani.

Kidonda hakikufunga. Wiki sita za beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, asubuhi na jioni, na bado kilikuwa kinatoa maji. Nilikonda. Nilianza kukiogopa chakula, kwa sababu kila kinachoingia kitatoka, na kutoka kwake ndiyo ilikuwa hofu yangu kuu ya siku. Sketi zangu nikazikunja kiunoni kwa pini. Usinifuate katika hilo. Kula, kunywa maji mengi, kula papai. Kufunga kula kuliniongezea mateso tu.

Safari ya kurudi hospitali mama alinisindikiza. Daktari akapima, akaandika, akanipa karatasi ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Mama ndiye aliyeishika karatasi. Aliisoma. Aliikunja mara nne. Akaiweka ndani ya Biblia yake, kwenye mkoba, akasema, "Twende."

Upasuaji ulifanyika kiangazi kikiwa kimekolea, mashamba meupe, vumbi kila mahali. Nikarudi nyumbani kulala kifudifudi.

Na hapa ndipo mama yangu alipobadilika.

Kila asubuhi aliniletea uji wa ulezi, mzito, wenye pilipili manga nyingi hadi pua inawaka. Mchana supu ya miguu ya ng'ombe. Alinipashia maji ya kuoga yeye mwenyewe. Siku ya nne alikuja na khanga mpya, akaniambia niinuke, akanifunga tumbo kwa nguvu kutoka mbavuni hadi nyongani.

"Mama, kidonda hakipo huko."

"Nyamaza. Najua ninachofanya."

Akawa ananitazama. Nikigeuka, anatazama pembeni. Majirani wakija kunisalimu anawapokea uani, hawaingii. Mara nyingine nilimsikia akiongea kwa simu na baba kwa Kisukuma, sauti ya chini. Baba yuko Geita, anafanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, anarudi nyumbani mara chache. Nikafikiri wanajadili kama nitapona. Nikafikiri mengi sana. Mimi ninayeweza kukesha nikiwazia maana ya nukta mwishoni mwa ujumbe wa simu, uji ule wa pilipili manga sikuufikiria hata dakika moja. Niliunywa tu.

Kitu nilichokuwa nakihesabu ni kingine. Msimamizi wangu wa kazi alikuwa amepiga simu. Ni mtu mwema lakini si mtu wa maneno mengi.

"Minza, pole. Mkataba wako nimeushikilia. Ila mvua ya kwanza ikinyesha watu wanapanda, nahitaji mtu barabarani. Usipoweza uniambie, nimtafute mwingine. Sitakulaumu."

Kwa hiyo nilikuwa na muda mpaka mvua ya kwanza. Na mvua huku haitangazi siku.

Kidonda sasa kilikuwa kinafunga kweli, kutoka ndani kuja nje, kama daktari alivyotaka. Nikaenda kuonwa tena, akasema kikikauka kabisa naweza kupanda baiskeli, taratibu, "ila tafuta siti ya maana." Nikarudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyefaulu mtihani. Mama alikuwa anapepeta mpunga.

"Daktari ameniruhusu baiskeli," nikasema.

Ungo ukasimama. "Hapana."

"Mama, kazi..."

"Mwanamke aliyetoka uzazi hapandi baiskeli! Hata siku arobaini tangu wakupasue hazijaisha!"

Kuku mmoja akapita katikati yetu akidonoa mpunga uliomwagika. Hakuna aliyemfukuza.

"Uzazi wa nani, mama?"

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na Biblia, akatoa karatasi, akaikunjua mara nne, akaweka kidole juu ya neno moja. *Fistula.*

"Redioni wanasema kila siku," alisema. "Fistula wanaipata wakati wa kujifungua. Mimi si mjinga, Minza. Ulikuwa chuo miaka mitatu. Sikukuuliza. Nilisema, akiwa tayari ataniambia mwenyewe." Akaikunja karatasi tena. "Mtoto umemwacha na nani, ng'wanone, mwanangu? Au alifariki?"

Mpenzi msomaji, jina moja, magonjwa mawili. La redioni ni jeraha la uzazi. Langu ni tundu dogo linalobaki jipu la karibu na njia ya haja kubwa linapokataa kupona. Linampata mwanamke na mwanamume, bikira na bibi. Daktari hakutueleza, kwa sababu hatukuuliza. Mimi sikumweleza mama, kwa sababu ningelazimika kutaja mahali. Mama hakuniuliza, kwa sababu aliogopa kunivunja. Nyumba yetu yenye vyumba viwili ilikuwa imejaa heshima mpaka hapakuwa na nafasi ya ukweli.

Nikamtajia. Kwa Kisukuma, neno lenyewe, waziwazi, pale uani, mchana kweupe.

Mama akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nikadhani ameshtushwa na neno. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kinu, machozi yakamtoka, na baada ya muda nikaona machozi si ya kicheko tu.

"Na ule uji wote!" akasema. "Mwezi mzima nakunywesha uji wa mzazi!"

"Ulinifaa."

"Maziwa hayakutoka?"

"Mama!"

Jioni alimpigia baba, akaweka sauti ya nje. Nyuma yake karasha lilikuwa linaguruma.

"Kwa hiyo hakuna mtoto," akasema.

"Hakuna, baba."

"Mama yako alinikataza kuuliza, sijauliza." Akakohoa. "Mimi nilikuwa nimeshachagua jina. Wa kiume Mabula, wa kike Kabula. Kwa sababu ya mvua inayokuja."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Nilidhani naishi na watu ambao ningewaaibisha kwa kutaja sehemu ya mwili. Kumbe walikuwa wameshampa mjukuu wa aibu jina zuri, na kisha wakakaa kimya kunisubiri. Wazazi hao ndio niliokuwa nao siku zote, na mimi nilikuwa nawaficha kidonda.

Asubuhi iliyofuata mama akasema, "Haya, twende tukatafute hiyo siti." Baiskeli tukaipandisha juu ya basi.

Duka la Bi Zulekha liko mjini Shinyanga, kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi, na linauza vipuri vya baiskeli tangu enzi za babu yake. Yeye ni mama wa miaka hamsini hivi, mtandio kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa waya wa breki. Amezaliwa hapo. Kisukuma chake kinanishinda mimi.

"Mwangaluka," alimsalimia mama kabla sisi hatujafungua mdomo. Kisha kwangu: "Unataka nini, binti?"

"Shikamoo. Nataka siti laini kuliko zote ulizonazo."

"Ya kukalia au ya kulalia?"

Fundi wake, mtu mzima mwenye mvi, akacheka akiwa amepiga magoti kwenye rimu. Nikatoa daftari langu. Nilikuwa nimeandika aina sita za siti, na faida na hasara za kila moja. Bi Zulekha alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima kwa heshima, akanirudishia.

"Umeandika vizuri. Siti utaikalia kwa daftari?" Akaniangalia nilivyosimama, uzito mguu mmoja. Akamgeukia fundi. "Mzee Salum, katuletee chai. Taratibu, usikimbie." Mzee Salum alipotoka akaniuliza, "Umepasuliwa?"

Mama akafungua mdomo kunisaidia. Nikamtangulia. Nikataja mahali. Mara ya tatu ilikuwa rahisi zaidi.

"Basi laini ndiyo adui yako," alisema Bi Zulekha. "Sikiliza. Una mifupa miwili ya kukalia, huku na huku. Mungu ameiweka ibebe mzigo. Ukikalia sponji, mifupa inazama, na sponji ya katikati inapanda juu, inakubana palepale pasipotaka kuguswa. Ukikalia kitu kigumu chenye upana wako, mifupa inabeba, katikati panapumua. Waendesha baiskeli wa abiria wote hapa mjini wanajua hili. Wasomi ndio wananunua mkate."

Nililikumbuka kava langu nikaona haya.

Akararua upande wa boksi la tyubu, akauweka juu ya ngazi ya saruji stoo, mlango akaufunga. "Kaa hapo. Nyanyua magoti kidogo. Hesabu mpaka thelathini."

Saruji. Tangu msimu wa kuchuma pamba sikuwa nimekalia kitu kigumu. Nilisimama mbele ya ngazi ile nikafikiria kidonda, nikafikiria kuanza upya, pazia, beseni, mvua, mtu mwingine juu ya baiskeli yangu. Mama akanishika mkono.

"Nitahesabu mimi," akasema, akaanza kwa Kisukuma, polepole.

Nikakaa. Nikasubiri maumivu kama mtu anayesubiri kofi. Mifupa miwili ikakutana na boksi, na pale katikati, palipokuwa pamenitawala tangu Juni, hapakuguswa na kitu. Mama alifika thelathini akaendelea. Alifika hamsini ndipo Bi Zulekha akamwambia, "Dada, inatosha, si mnada."

Alipaka chaki juu ya boksi. Mashimo mawili yakajionyesha. Akapima umbali kwa vidole, akaenda rafuni, akarudi na siti isiyo na urembo wowote: pana nyuma, pua fupi, mfereji katikati, springi mbili chini, ngozi yake ngumu ukiigonga inalia. Alifunga mwenyewe kwa spana, mikono ikienda bila kutazama. Namsifu mwanamke yule kama wengine wanavyowasifu waimbaji. Alinipandisha, mama ameshikilia keria, akanirekebisha kipande kwa kipande: urefu wa siti, mpaka kisigino kikiwa juu ya pedeli ya chini mguu unyooke, pua ya siti sawa na ardhi, kisha ishuke kama unene wa sarafu, usukani upande juu ili nikae wima na mzigo uende kwenye mifupa. Akakataa nibebe begi mgongoni. "Weka kwenye keria. Mgongo wako si punda." Akanibadilishia madigadi ya nyuma, kwa sababu tope la wilaya yetu ya Kishapu linanata. Na nguo: suruali ya jinzi yenye mshono mnene katikati, hapana, taiti nyepesi ndani ya sketi pana, ndiyo. Penye mashimo nisimame juu ya pedeli. Kila kijiji nishuke, nitembee kidogo.

"Wiki ya kwanza mifupa itauma," aliniambia mlangoni. "Mifupa ikiuma, furahi. Kidonda kikiuma, shuka."

Sentensi hiyo nakuachia kama nilivyopewa.

Wiki mbili nilizunguka Mhunze tu, kwanza hadi kanisani, kisha hadi barabara kubwa. Mifupa iliuma. Nikafurahi kwa mashaka. Kila nikishuka nilikimbilia chooni na kioo kidogo kujikagua, na kila mara palikuwa pakavu. Hata hivyo sikuamini. Mwili ukikusaliti mara moja, unauchunguza kama unavyomchunguza mdeni anayetabasamu.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili, watu wakiwa ibadani. Ilipiga bati mpaka mahubiri yakasimama. Nilipotoka nje nilimpigia msimamizi kabla hajanipigia.

"Unaweza?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Naenda."

Jumatatu nilikwenda kijiji cha mbali kuliko vyote. Nilitaka kujua mara moja. Mama alinifunga begi kwenye keria kwa mpira, akakaza mara mbili, akasema neno moja tu: "Taja." Akimaanisha, pakiuma, nimwambie.

Kilomita za kwanza nilijisikiliza kila mzunguko wa pedeli. Je, hapo? Je, sasa? Baadaye barabara ikawa nyevu na ngumu, nzuri kwa tairi. Watu walikuwa mashambani pande zote wakipanda, mama mmoja akinyoosha mstari kwa kamba, mumewe akimtania kwamba mstari wake umelewa. Harufu ya udongo ilikuwa ile ya mara moja kwa mwaka. Nikaanza kuhesabu mashamba yaliyokwisha kupandwa, nikapanga jinsi ya kuwaeleza watu nafasi kati ya shina na shina, nikabishana na mkulima wa kufikirika na kumshinda.

Simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima nilichokuwa nakiendea, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Bibi shamba! Tumekuona unapita! Tumekupungia mikono kikundi kizima, wewe huyooo! Unakwenda wapi?"

Nikasimama, nikageuka nyuma. Miti ya kijiji chao ilikuwa imebaki midogo kwa mbali. Nilikuwa nimepitiliza karibu kilomita mbili.

"Umepotea?"

"Hapana, mama. Nimesahau."

"Umesahau nini?"

Niliangalia siti, na maji ya mvua yaliyosimama pembeni ya barabara, na nikaona kwamba sikuweza kukumbuka mara ya mwisho nilipojisikiliza ilikuwa wapi.

"Nakuja," nikamwambia, nikapanda tena.